Je, Aliyeshikwa kwa Nguvu Aruhusiwa Kuzuia Mimba?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini katika parokia zetu za Kivu, na wengine huogopa hata kuliuliza. Binti alikwenda kuchota maji, ama mama alikwenda shambani, akakutana na watu wenye silaha. Amerudi nyumbani hai. Hospitalini wanampa dawa, na kati ya dawa hizo kimo kidonge cha kuzuia mimba. Yeye ni Mkristu, naye amesikia mara nyingi kwamba Kanisa lakataza dawa za namna hiyo. Afanyeje?

Kwanza tujue mambo ya mwili, maana wengi hubishana juu ya kidonge hiki wala hawajui kinafanya kazi gani. Watu hudhani kwamba mimba hutungwa palepale, saa ileile. Sivyo. Yai la mwanamke hutoka mara moja kwa mwezi, kwa kawaida siku 14 hivi kabla ya damu inayofuata, nalo huishi siku moja tu, pengine pungufu. Lakini mbegu ya mwanaume yaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hata siku 5, ikilingoja. Basi siku za hatari ni 6: ile ambayo yai latoka, na 5 zinazoitangulia. Uchunguzi wa Wilcox na wenzake wa Marekani, uliotolewa mwaka 1995, ulionyesha kwamba katika siku ya kwanza ya hizo 6 mimba hutungwa kama mara 1 katika 10, na katika siku ya yai lenyewe karibu mara 1 katika 3. Hizo ni hesabu za wanawake waliokaa kwa amani wakitaka mtoto. Mwanamke aliyekimbia vita, aliyekosa chakula na usingizi, mwezi wake huvurugika; nani ataapa kwamba aijua siku yake? Kwa hiyo asitokee mtu wa kumwambia, «Hesabu yako yaonyesha huna hatari, kaa nyumbani.»

Kidonge kinachotumiwa zaidi huitwa levonorgestreli, miligramu 1,5, nacho kimezwe kabla ya saa 72 kupita. Kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kazi yake ni kulichelewesha yai lisitoke. Yai lisipotoka, mbegu hufa zikingoja bure. Yai likiwa limekwisha kutoka, kidonge hakisaidii kitu. Na mimba ikiwa imekwisha kushika, hakiiharibu.

Zamani ilisemekana kwamba chaweza pia kuzuia mimba changa isijishikize katika mji wa mimba, na kufanya hivyo kungekuwa kuua. Hofu hiyo iliwatia mashaka maaskofu wengi, wala haikuwa hofu ya kipumbavu, kwa kuwa jambo hilo liliandikwa hata katika karatasi iliyofungwa pamoja na dawa. Lakini uchunguzi uliofuata haukuonyesha hivyo. Mwaka 2012 shirikisho la dunia la waganga wa uzazi lilisema wazi kwamba levonorgestreli haizuii mimba kujishikiza, na Desemba 2022 serikali ya Marekani ilikubali maneno yale yaondolewe katika karatasi. Wako wateolojia wenye shaka hata leo, zaidi juu ya kidonge kingine, ulipristali, kinachofaa hadi saa 120.

Sasa tuje kwa dhamiri. Wengine watashangaa kusikia kwamba swali hili lilipata jibu lake la kwanza kwa sababu ya nchi yetu. Katika machafuko ya uhuru, masista waliokuwa Kongo walikuwa katika hatari ya kunajisiwa. Mwaka 1961 jarida la Italia liitwalo Studi Cattolici lilitoa maandiko ya wafundi watatu wa maadili, Palazzini, Hürth na Lambruschini, nao wakakubali kwamba mwanamke aliye katika hatari hiyo aweza kutumia dawa ili asishike mimba. Papa Fransisko aliikumbusha habari ya masista hao mwaka 2016.

Kwa nini iwe hivyo? Kanisa lakataza kuitenga tendo la ndoa na uzazi. Ndivyo ilivyoandikwa katika Humanae Vitae mwaka 1968. Lakini je, tendo la mwenye bunduki ni tendo la ndoa? Halina upendo, halina ahadi, halina ridhaa. Ni shambulio, na mbegu aliyoiacha ni shambulio linaloendelea ndani ya mwili hata baada ya yeye kukimbia. Mwenye kushambuliwa ana haki ya kujikinga. Vijana wanaosoma haya wakitafuta ruhusa kwa ajili ya mambo yao wenyewe hawataipata hapa.

Mwaka 2012, huko Köln, Ujerumani, hospitali mbili za Kikatoliki zilikataa kumpima binti aliyeshikwa kwa nguvu, kwa kuogopa habari ya kidonge. Januari 2013 Kardinali Meisner alisema kwamba dawa inayozuia yai na mbegu kukutana yaruhusiwa katika shida hiyo, ila si ile inayoua mimba iliyokwisha kutungwa. Mwezi uliofuata maaskofu wa Ujerumani walisema vivyo hivyo.

Kumbe kwetu linalomzuia binti mara nyingi si teolojia. Ni baraza la ukoo. Wazee hukutana, hutafuta ukoo wa mkosaji, huhesabu mbuzi wa fidia, na mama wa binti hukatazwa kusema ili jina lisiharibike. Sheria ya Kongo ya 20 Julai 2006 yaadhibu kosa hili, wala mbuzi hawalifuti. Tena hata yule asiyetaka kidonge hana budi kwenda hospitali: dawa ya kukinga ukimwi nayo yataka kuanzwa kabla ya saa 72, na humezwa siku 28. Kuna vijiji ambavyo hospitali iko mwendo wa siku 2 kwa miguu. Binti akiondoka saa ileile, bila kungoja baraza, atafika akiwa amebakiwa na saa 24.