Majuto ya Creon na Jina Asilolitaja

Tamthilia ya Antigone, iliyoandikwa na Sophocles takriban mwaka 441 KK, inamalizika mfalme wa Thebes, Creon, akiwa na maiti ya mwanawe mikononi, na mkewe naye amejiua kwa uchungu huku akimlaani. Wengi husema kwamba hapo Creon amekuwa mtu mwingine. Nakubali kwamba amebadilika, na kwa dhati. Lakini amezinduka kama baba na kama mume. Kama mtawala bado.

Tangu mwanzo Creon hakosi wa kumlaumu. Amepiga marufuku maziko ya Polynices, mpwa wake aliyeushambulia mji, na maiti ilipofunikwa vumbi na Antigone, dada wa Polynices, Creon akamtuhumu mlinzi kuwa amehongwa. Haemon, mwanawe, alipomweleza kuwa wananchi wananung'unika, alimwita mtumwa wa mwanamke. Hata Teiresias, mtabiri kipofu, aliambiwa anafuata fedha. Mwishoni lugha hiyo inakoma. Creon anakiri kuwa kosa ni lake na hamtafuti binadamu mwingine wa kumtwisha. Kwa mtu aliyezoea kuona hila kwa kila aliyempinga, hilo si jambo dogo.

Huenda mtu akasema kwamba mtawala huyu alijirudi hata kabla ya msiba, maana baada ya onyo la Teiresias alikubali kuitengua amri yake. Tuangalie alivyoitengua. Wazee wa mji walimshauri kwanza amtoe Antigone katika pango alimofungiwa kwa kumfunika ndugu yake, kisha amzike Polynices. Yeye akaanza na maiti: ikaoshwa, ikachomwa, kaburi likainuliwa. Alipofika pangoni binti alikuwa amejinyonga, na Haemon, mchumba wake, amemkumbatia. Kijana akamtemea baba yake mate, akamkosa kwa upanga, akajichoma mwenyewe. Creon alikimbilia kuituliza miungu iliyomtisha. Aliye hai, aliyedhulumiwa kwa amri yake, akasubiri. Hofu ilikuwa imembadilishia uamuzi tu. Vipaumbele vyake vilibaki vilevile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ni ukatili kumdai mfiwa maneno ya kiutawala wakati analia. Ni kweli, kilio hakina utaratibu. Hata hivyo, Sophocles amempa Creon nafasi ndefu ya kuomboleza, na katika maombolezo yote hayo Antigone hatajwi. Alikuwa mpwa wake, alikuwa awe mkwe wake, na Creon ameuona mwili wake kwa macho yake mwenyewe. Kumlilia Haemon bila kumgusa Antigone kunahitaji kukiruka chanzo chenyewe cha kifo cha Haemon. Creon anayalaani maamuzi yake kwa kuwa yamemwulia mwana na mke. Hasemi kwamba yangekuwa dhuluma hata kama jamaa zake wote wangesalimika.

Hapo ndipo pa kumpimia mtawala. Anayejuta kwa sababu adhabu imemfika nyumbani ameyajua maumivu yake. Bado hajaijua haki ya mwingine. Creon anaomba aondolewe, anatamani kufa, na Thebes inabaki bila neno lake juu ya yule aliyehukumiwa kwa kumzika ndugu yake. Msiba umemvunja kiburi, nayo ni hatua ya kweli. Haki ingemtaka apige hatua moja zaidi: amtaje aliyemdhulumu.