Bahati Amesimama Tena

Jirani yangu, mama mmoja, alimwokota Bahati jalalani, kitoto cha mbwa kilichojaa viroboto. Kisha siku moja lori lililokuwa likirudi nyuma kwenye foleni ya mpakani Busia lilimkanyaga mguu. Dereva hakumwona, ilikuwa ajali.

Mama yule hakupapatika. Alimfunga mdomo kwa leso, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata ampendaye, akamlaza juu ya ubao, akamkimbiza kwa daktari wa mifugo Tororo. Njiani watu walimshauri ampe ibuprofeni, vidonge vya binadamu vya maumivu. Namshukuru Mungu alikataa: ibuprofeni humtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Daktari aliufunga mguu plasta, ukafuata wakati mgumu. Nilimkuta mama amechuchumaa, akimlisha ugali na omena kwa kidole, tonge baada ya tonge. Wengine waliuliza mbwa ana thamani gani. Mimi nilimheshimu mama huyo zaidi.

Sasa Bahati anachechemea mpaka langoni na kubwekea bodaboda. Bado hajapata chanjo ya kichaa cha mbwa. Wako je, amechanjwa?