Tembo wa Bunda na mlio wa ndege nyuki

Tembo dume wa nyika akishakomaa huweza kufikia uzito wa tani 6. Boma la miti halimzuii, debe likigongwa analizoea, na harufu ya mahindi mabichi huinasa akiwa mbali. Ila akisikia nyuki waliochokozwa, anageuka. Ngozi yake ni nene mgongoni, lakini kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga ni laini, na huko ndiko nyuki wanakokwenda. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kaskazini mwa Kenya. Walificha spika karibu na tembo waliokuwa wakipumzika kivulini, kisha wakawachezea sauti ya mzinga uliovurugwa. Familia nyingi za tembo zilikuwa zimeshaondoka kabla dakika moja na nusu haijaisha.

Miaka michache baadaye, upande wa Maasai Mara, Marc Goss wa shirika la Mara Elephant Project alianza kurusha ndege nyuki ndogo, ile ndege isiyo na rubani yenye mapanga manne. Nia yake ilikuwa kuwatafuta tembo kutoka juu, ajue wako wapi. Kumbe tembo hawakutaka hata kuisikia. Kila iliposogea walikimbia, na Goss akahisi kwamba wanaidhani ni kundi la nyuki.

Tanzania haikukaa kutazama. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, pamoja na washirika wao, waliwafundisha askari wa wanyamapori kurusha ndege hizo kandokando ya hifadhi katika maeneo mawili: lile la Tarangire na Manyara, na lile la Serengeti. Matokeo yalitoka katika jarida la kisayansi la Oryx. Ndege nyuki ilirushwa mara 51 kuwatoa tembo mashambani, na mara zote 51 tembo waliondoka. Si kawaida sayansi kuleta hesabu safi namna hiyo.

Wilayani Bunda, mkoani Mara, habari hii haina mzaha mwingi. Abiria wa basi linalotoka Mwanza kwenda Musoma hupita lango la Ndabaka, ziwa likiwa upande wa kushoto na Hifadhi ya Serengeti upande wa kulia, na wengi huchungulia dirishani kwa furaha wakitafuta pundamilia. Mashariki zaidi, katika vijiji vya Hunyari, Mariwanda na Kihumbu vinavyopakana na Pori la Akiba la Grumeti, watu hawachungulii kwa furaha. Mahindi yakianza kubeba na mtama ukianza kukomaa, baba anahamia shambani. Anapanda juu ya dungu jua likizama, na tochi, debe, filimbi na blanketi moja. Mama anabaki nyumbani na watoto, naye halali. Tembo mmoja anaweza kula kilo 150 kwa siku, na kile asichokula anakikanyaga. Kundi likiingia usiku, asubuhi mwenye shamba anakuta mabua yamelala na nyayo pana zimejaa maji. Msimu mzima umekwisha kabla ya chai.

Serikali haikuwasahau kabisa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa kadiri ya umbali. Shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka wa hifadhi halikupangiwa kitu. Lililo kilomita 5 au zaidi lilipangiwa shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi 5. Familia iliyouliwa mtu ilipangiwa kifuta machozi cha shilingi milioni 1. Mwenye kukokotoa gharama ya mbegu, kulima kwa ng'ombe, palizi na usiku wote wa kukesha anajua fedha hizo zinaishia wapi. Na kwa aliyefiwa, hesabu hiyo haifai hata kuanzwa.

Jambo gumu zaidi ni kwamba tembo hawa ni ushahidi wa kazi iliyofanywa vizuri. Mwaka 1986, baada ya miaka ya ujangili mkali, sensa ilihesabu tembo 2,058 katika ikolojia ya Serengeti na Mara. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu 7,535. Watu nao wameongezeka: sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Mara na watu zaidi ya milioni 2.3. Tembo na mkulima, kila mmoja ana watoto zaidi kuliko zamani, na ardhi ni ileile.

Mwana wa Butiama aliyaona haya mapema. Mwalimu Nyerere ananukuliwa akisema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kuwatazama mamba, lakini anataka kwa moyo wake wote waendelee kuishi. Kauli hiyo inachekesha, na ni ya kweli kabisa kwa Watanzania wengi waliolelewa karibu na wanyama. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, tamko lake lililosomwa Arusha liliahidi kwamba nchi itawatunza wanyamapori, na hapohapo likasema kwamba kazi hiyo inahitaji utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na kwamba mataifa mengine yanapaswa kusaidia. Ahadi hiyo imetimizwa kwa sehemu kubwa. Aliyeilipia zaidi ni yule anayekesha juu ya dungu.

Kwa hiyo teknolojia ya kesho inapoingia Bunda, swali la kwanza ni nani atakayelala usingizi kwa sababu yake. Mashine haihitaji kuwa ya ajabu ndipo ifae. Katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania, shirika la Honeyguide na wenzao wa The Nature Conservancy wamewafundisha wakulima kufukuza tembo kwa hatua: kwanza tochi kali, kisha honi, kisha bomu la pilipili, na mwisho fataki ya kurusha angani. Bomu hilo la pilipili hutengenezwa kwa kondomu. Mkulima huijaza udongo na pilipili ya unga, huchomeka fataki ndogo katikati, kisha huinyonga mdomoni hadi ibaki utambi peke yake nje. Utambi ukiwashwa na kondomu ikirushwa, fataki hupasua mpira ule na wingu la pilipili hutanda mbele ya mkonga. Tembo hupiga chafya, hutikisa kichwa, hurudi porini akiwa mzima. Wazee wa kijiji wakicheka wanapogawiwa kondomu kwa ajili ya tembo, wana haki ya kucheka, na mahindi yao yana haki ya kuvunwa.

Kenya walifika mbali zaidi. Katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, tembo dume aitwaye Kimani alifungwa ukanda wa shingoni wenye laini ya simu ndani yake. Tembo watano waliokuwa na tabia kama yake ya kuvamia mashamba walikuwa wamekwisha kupigwa risasi, naye alikuwa amebaki. Mnamo 2008 habari zake zilienea duniani: kila Kimani aliposogelea mpaka wa mashamba, ukanda wake ulituma ujumbe mfupi kwa askari, nao walikwenda na gari na taa kali kumrudisha. Tembo huyo alijitangaza mwenyewe kila alipokaribia kuiba, na kwa njia hiyo akaokoa maisha yake.

Ndani ya Serengeti kwenyewe, tangu 2010 watafiti walitega kamera 225 zinazopiga picha zenyewe mnyama apitapo. Picha zikafika milioni 3.2. Maelfu ya watu wa kujitolea duniani walikaa kwenye kompyuta zao wakisema huyu nyumbu, huyu fisi, haya ni majani tu yametikiswa na upepo. Mwaka 2018 watafiti wakatangaza kwamba akili bandia, ikiisha kufundishwa kwa picha hizohizo, inaweza kuifanya karibu kazi yote peke yake kwa usahihi uleule wa binadamu. Unganisha kamera ya namna hiyo na mtandao wa simu, na si ndoto tena kijiji kupata taarifa tembo akiwa bado upande wa pili wa mto.

Lakini ndege nyuki haijirushi. Betri yake hudumu kama dakika 20 hewani. Mvua huizuia, upepo mkali huipeperusha, na usiku inahitaji taa na rubani mwenye mkono uliozoea. Sheria nayo inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ni sawa iwe hivyo. Panga moja likivunjika kwenye mti wa mgunga, na kipuri kiko Dar es Salaam, tembo hawatasubiri kifike. Tena tembo ni mnyama mwenye kumbukumbu. Mlio usiofuatwa na chochote kwa misimu mingi huenda akaupuuza. Kwa sababu hiyo pilipili, mizinga ya nyuki halisi na tochi vinabaki kuwa vya lazima, na mipango ya ardhi inayoacha njia za wanyama wazi inabaki kuwa ya lazima zaidi kuliko vyote hivyo.

Watu wa Mara wanajua namna kifaa kipya kinavyokuwa chao. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wameacha karabai nyingi za mafuta ya taa na kuchukua taa za sola, kwa sababu taa hizo zinapunguza gharama ya kila usiku na mvuvi anaweza kuziwasha na kuzitunza mwenyewe. Ndege nyuki nayo ikibaki ndani ya gari la mgeni anayekuja na kuondoka, itakuwa sinema ya siku moja. Ikikaa kijijini, mikononi mwa kijana aliyekulia juu ya dungu na anayejua tembo hupitia korongo lipi, itakuwa chombo cha kazi.

Mahali pa kuanzia papo. Butiama, si mbali na vijiji vya Bunda, ndipo yalipo makao ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Ofisi za mkoa ziko Musoma. Halmashauri ya Bunda ina askari wa wanyamapori wa vijiji wanaoyajua mashamba kwa majina ya wenyewe. Wakae pamoja kabla mahindi ya msimu ujao hayajaanza kubeba, wachague vijana wawili kila kijiji cha mpakani, wa kike na wa kiume, wawafundishe kurusha na kutengeneza, wawape betri za akiba na paneli ya sola ya kuzichajia, na waiweke gharama hiyo kwenye bajeti ya halmashauri badala ya kuisubiri kutoka kwa mfadhili.