Kuuliza Si Kukosa Imani

Utapeli wa fedha unapofichuliwa, swali letu la kwanza huwa hili: msomi kama yule aliingiaje? Tunadhani elimu ni ngao. Sivyo.

Desemba 2008, New York, Bernard Madoff alikamatwa. Kwa miaka mingi alikuwa akiwalipa wateja wa zamani kwa fedha za wateja wapya. Miongoni mwa waliopoteza fedha zao ni mabenki, na taasisi ya Elie Wiesel, mwandishi mwenye Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata, hapa Tanzania, serikali ilisimamisha shughuli za DECI, upatu ulioongozwa na wachungaji. Waliojiunga waliambiwa wanapanda mbegu, kisha watavuna. Ni lugha tuliyoizoea madhabahuni.

Tapeli hashindani na akili zetu. Hupitia mlango wa kuaminiana. Anayetualika si mgeni. Ni mwenzetu wa kwaya, aliyelipwa kweli mwezi uliopita, naye anatutakia mema. Hasemi uongo, ila hajui fedha ile ilitoka wapi. Nasi tukishatamani, akili hugeuka wakili wa tamaa: kadiri ilivyo kali, ndivyo inavyotupatia hoja nzuri za kujitetea.

Kwetu waumini kuna hatari zaidi, kwa kuwa anayeuliza "Faida hii inatokana na nini?" huweza kuambiwa ana imani haba. Lakini watu wa Beroya waliyapima mahubiri ya Paulo kwa Maandiko kila siku, na kitabu cha Matendo kinawasifu kwa hilo. Ikiwa maneno ya mtume yalipimwa, mradi wa fedha ni nini hata usiulizwe?

Je, basi tusiaminiane? Hapana. Kanisa lisiloaminiana si kanisa. Ila imani tuliyo nayo kwa Mungu haihamii kwa kila alitajaye jina lake, na upendo wa ndugu si ushahidi kwamba biashara ipo.

Tena, ndugu akitapeliwa, tusimuulize alikuwa wapi akili zake zikichezewa. Aibu humfunga mdomo, na kimya chake ndicho kinachomwandalia tapeli njia ya kuingia nyumba ya pili. Tumpe nafasi aseme mbele yetu bila kuchekwa. Huenda ushuhuda wake ukaokoa akiba ya mjane aliyeketi benchi la nyuma.