Mti Uonyeshao Maji

Katika nyika za Marekani huota mti wa jamii ya poplari, ambao mbegu zake hupeperuka na nyuzi nyeupe mfano wa sufi. Jimbo la Kansas liliutwaa kuwa mti wake mwaka 1937, Wyoming mwaka 1947, na Nebraska mwaka 1972. Mbao zake si za kusifiwa: ni laini, tena hupinda. Lakini mti huo hupenda kingo za mito. Msafiri wa zamani, mwenye kiu katika nchi isiyo na kivuli, alipouona kwa mbali alitumaini kwamba maji yako karibu.

Wasomaji wapenzi, nasi kwa ubatizo tumepandwa kandokando ya maji ya uzima. Maji hayo si yetu. Kazi yetu ni kuyaonyesha. Si aibu kuwa mti wa mbao duni. Aibu ni pale mjane, au kijana aliyekata tamaa, anapobisha mlangoni kwetu akaondoka na kiu yake. Basi tujihoji leo: jirani atuonapo kwa mbali, je, hutumaini maji?