Fulana, Mzaha na Swali la Nia

Aprili 2002 kampuni ya mavazi ya Abercrombie & Fitch ya Marekani iliondoa madukani fulana zilizochorwa Wachina wenye macho membamba na kofia za umbo la pia. Mojawapo ilitania madobi wawili wa ukoo wa Wong, kwa dhana kwamba Mwasia hawezi kutamka r. Kampuni ilijitetea kuwa ilikusudia kuchekesha, tena ilidhani Wamarekani wenye asili ya Asia wangezipenda.

Utetezi huo unaibua swali la kale la maadili: kitendo hupimwa kwa nia au kwa athari? Kwa mtazamo wa mwanafalsafa Kant, swali lingekuwa kama watu wamefanywa chombo tu cha faida ya wengine, na hapo utetezi unakosa pa kusimama. Asiyekusudia ubaya bado ana wajibu wa kujua anachokichapa.

Na kulikuwa na mengi ya kujua. Karne ya 19, ubaguzi uliwafungia Wachina wa California kazi nyingi, wengi wakaishia kwenye udobi. Sheria ya 1882 ikazuia vibarua wenzao kuingia nchini. Hata matamshi yamekosewa: Kimandarini kina r na l, ilhali Kijapani kina sauti moja tu ya kundi hilo. Mzaha huwachanganya Wachina na Wajapani. Kenya nako Wakikuyu, ambao lugha yao haina l, huigizwa vivyo hivyo jukwaani, ingawa huko pengine anayeigiza ni Mkikuyu mwenyewe.