Sauti ya Kijana

Soma Mwanzo 21:14–19. Ni nani anayelia, na Mungu anasikia sauti ya nani?

Abrahamu alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu (Mwanzo 13:2). Hata hivyo, nyumba yake ilipogawanyika, Ishmaeli aliondoka na mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha. Hajiri akaketi mbali, akalia kwa sauti. Lakini fungu la 17 linasema Mungu aliisikia sauti ya kijana, ambaye kilio chake hakuna aliyekuwa amekitaja.

Ndoa inapovunjika katika vijiji vyetu vya pwani, kutoka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, sauti za wakubwa ndizo zinazosikika. Wajomba hukutana, maana kwa desturi ya Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Wazee wa kanisa huja na Biblia. Kila mmoja anatetea jambo jema. Kisha mtoto huitwa, akaulizwa mbele ya wote: “Unampenda nani zaidi?” Swali hilo ni dhambi. Linamtaka mtoto ampoteze mzazi mmoja ili ampate mwingine.

Nasi viongozi wa kanisa tuna kosa letu, lililo gumu kuliona kwa sababu limevaa nia njema. Tunataka ndoa ipone, na ndivyo ipasavyo (Mathayo 19:6). Basi tunamnong’oneza mtoto: “Mwambie baba arudi.” Baba asiporudi, mtoto huona ameshindwa yeye. Anahitaji mtu mzima asiyepata faida yoyote kutokana na jibu lake.

Mtu huyo yupo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwa kawaida shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Likifika mahakamani, ustawi wa mtoto hutangulia matakwa ya wazazi, na mtoto mwenye umri wa kujieleza husikilizwa. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama yaweza kumwagiza afisa ustawi wa jamii achunguze hali ya mtoto na kuleta taarifa.

Wengine watasema Paulo alikataza kupeleka mambo yetu nje (1 Wakorintho 6:1–8). Lakini aliwakemea ndugu waliodhulumiana na kushtakiana. Mtoto hakumdhulumu mtu, wala hakumshtaki yeyote.

Tena angalia: Mungu hakumrudisha Hajiri hemani kwa Abrahamu. Alimfumbua macho, akaona kisima.

Kanisa bado lina kazi. Nauli ya kutoka Msimbati hadi Mtwara mjini yaweza kumshinda mama aliyeachwa. Mashemasi wanalijua hilo. Baba naye akumbushwe, kabla fedha za korosho hazijaisha, kwamba mtoto hula hata miezi isiyo na mnada. Na mtoto akija Shule ya Sabato, apewe nafasi yake ya kukaa bila kuhojiwa habari za nyumbani.

Jadilini darasani: Ni nani kati yenu anayejua ilipo ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu? Ni nani anayeweza kumsindikiza mama huko Jumatatu?